Altimita Iliyopandishwa Goba

KITUO CHA POLISI, TEMEKE
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Marijani Kondo Mwinyimvua (anaitwa pia Mzee Sekunde)
Umri: Miaka 74 kwa kauli yake, kitambulisho kinasema 71
Dini: Mwislamu
Elimu: Hakusoma shule
Kazi: Fundi saa na mizani
Makazi: Chang'ombe, Temeke
Tarehe na saa ya kuanza: Jumatatu 14/04/2025, saa 3:40 asubuhi
Mwandishi: WP Koplo Herieth

Shahidi ameelezwa kuwa anatakiwa kusema kweli na kwamba kusema uongo kwa makusudi ni kosa. Amesema ameelewa. Ameomba maneno yake yaandikwe kama anavyoyatamka.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Habari ya umri iache ilivyo, afande. Kitambulisho kilinipunguzia miaka mitatu na mie sikudai nirudishiwe.

Nimefika hapa leo kwa ombi la jirani yangu Bi Yustina, yule mama aliyekaa kwenye benchi la nje na hotpoti mapajani. Mwanawe Ferdinand, fundi wa ndege, mko naye ndani tangu Jumamosi. Mnamtuhumu kwamba altimita nzima ya ndege ya kampuni yao aliiuza, akafunga mbovu, na ndege ikaponea chupuchupu. Ikithibitika, kijana anakwenda jela na spana ya ndege hashiki tena. Mama yake ameniomba nije niwaeleze kifaa kile kinafanyaje kazi, kwa kuwa mtaa mzima unajua mie ni bingwa. Nitaeleza. Ila mbele kuna maneno ambayo yeye bado hajayasikia, kwa hiyo naomba huo mlango urudishwe.

Nianze na ubingwa. Zamani nilikuwaga karakana ya uwanja wa ndege, chumba cha vipimo. Mie ndiye niliyekuwa fundi wa saa za ndege pale. Ndege ikitua, rubani hashuki mpaka aulize, Marijani yupo? Bosi wetu alikuwa Mkanada mmoja mrefu kama nguzo ya simu. Yeye alikuwa anaisikiliza saa kwa sikio, anajua ugonjwa wake. Mie nilimpita. Mie nilikuwa naisikia ikiwa bado hewani na ndege yake.

(Hapa shahidi alikumbushwa kueleza kinachohusu tukio.)

Sawa, afande. Nyie mmeandika altimita, sie tulikuwa tunaiita saa ya kimo. Ndege za siku hizi, mbele ya rubani kuna skrini kama televisheni. Kimo, mwendo, njia, mvua, vyote humo. Lakini pembeni, hata ndege iwe mpya namna gani, wanaachaga saa mbili tatu za kizamani, za mishale. Abiria akizichungulia anadhani ni urembo. Hizo ni akiba. Skrini inakula umeme, na umeme sie wa Temeke tunazijua tabia zake. Saa ya kimo haili umeme. Haina betri, haina chaji, haina bando. Ndani ina kibati chembamba kilichofyonzwa hewa. Ndege ikipanda, hewa ya nje inapungua nguvu, kibati kinafura kama chapati motoni. Ikishuka, kinanywea. Kule kufura na kunywea kunasukuma vijigurudumu, vijigurudumu vinazungusha mshale. Basi. Ni kitu cha kijinga kabisa, na ndiyo maana hakidanganyi. Kikidanganya, ujue kuna mtu kakifundisha.

Sasa tukio. Mnamo tarehe 8/4/2025, siku ya Jumanne, saa nne na robo asubuhi, nilikuwa mezani pangu barazani, Chang'ombe, mkabala na magereji. Alikuja mwanaume mmoja mwenye shati jeupe lililonyooshwa na miwani ya jua, akasema anaitwa Allen. Sura yake siwezi kuiapia. Macho yangu yanafaa kwa kitu kilicho inchi tatu kutoka puani. Zaidi ya hapo binadamu wote ni ukungu wenye sauti. Mie watu nawajua kwa saa zao. Huyu alikuwa na saa kubwa ya mkononi, ya mishale mitatu, haitembei.

Akasema, "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiyo saa imefariki lini?"

"Hii ya fasheni tu, mzee. Kazi yenyewe hii hapa."

Akatoa kwenye nailoni nyeusi kitu cha mviringo, kizito, kinaenea kiganjani. Akasema nisafishe kioo, na skrubu zilizochubuka nizipake rangi nyeusi zifanane na za kiwandani. Halafu akasema, "Ndani usifungue."

Nikamuuliza ni ya nini.

"Ya boti."

Niliisogeza jichoni. Kusoma maandishi sijui, ila namba nazijua na mshale nausoma kuliko shehe anavyosoma juzuu. Uso ule unakwenda mpaka futi elfu ishirini. Nikamwambia, "Boti yenu inavuka kwenda wapi, mbinguni?"

Hakucheka. Akasema, "Mzee, we safisha. Jumamosi nitapita." Akaondoka.

Nilianza kumshuku hapohapo. Miaka yote watu wananiletea saa wakisema fungua uone. Yeye ndiye wa kwanza kuniambia nisifungue. Mgonjwa anayemwambia daktari usinishike tumbo, maradhi yake yako tumboni. Na skrubu zenyewe zilikuwa zimekwaruzwa na mtu asiye fundi, nadhani kwa ncha ya kisu. Nikashuku ni ya wizi. Nikashuku Allen ni mtu wenu mmemtuma kunitega, unisamehe. Nikamshuku hata Ferdinand, kwa sababu mtaani petu ndiye peke yake anayeshika ndege. Nilisema moyoni, kijana kaitoa kazini, kamtuma rafiki yake kwa kuwa mie ananionea haya. Niliamini hivyo siku mbili nzima, na kila alipopita akaniamkia niliitikia shikamoo yake nikiangalia mfuko wa suruali yake. Hilo namwomba radhi.

Mnamo tarehe 10/4/2025, Alhamisi, saa moja na nusu asubuhi, nilimwita Nurdin, jirani mwenye bajaji, anipeleke Goba. Nieleze kwa nini Goba. Kule karakana walikuwa na chungu cha kioo. Saa inawekwa ndani, hewa inanyonywa, unaangalia mshale unavyopanda. Mie sina chungu. Mie nina Goba. Kule ni vilima mtindo mmoja. Kipimo chochote cha kimo au cha hewa kinachopita mkononi mwangu nakipandisha kule, na vimepita vingi kuliko ndege zenyewe.

Nurdin akaniuliza, "Mzee Sekunde, Goba leo kwa nani? Umeoa mke mwingine?"

Nikamwambia, "Naipeleka hii ikapunge upepo. Endesha, acha umbea."

Kabla ya kuondoka Chang'ombe niliuzungusha mshale kwa kile kidude cha pembeni mpaka ukakaa sifuri. Njiani nilikuwa nimeishika juu ya paja. Tulipoanza kupanda vilima ukaanza kusogea. Futi mia. Mia mbili. Tulipofika juu ulikuwa unagusa mia nne, sawa kabisa na ninavyoijua Goba. Nikaona aibu. Nikasema, Marijani, uzee unakutia wasiwasi, kifaa kizima hiki.

Nurdin akazima bajaji, akaenda kununua maji. Mie nikasema ngoja ninyooshe miguu. Niliitelemka ile barabara ya vumbi kwa miguu, nimeikumbatia kifuani juu ya kanga niliyoikunja, taratibu kama nimebeba mayai, mpaka bondeni kwenye kalavati. Nikaitazama. Mshale bado uko mia nne. Mie nimeshuka mlima mzima, yenyewe imebaki kileleni.

Nikaigonga kioo kwa ukucha. Mshale ukaporomoka mpaka mia mbili na ushee.

Nurdin alikuja na bajaji yake nikiwa bado nimesimama pale. Nikamweleza. Akasema, "Sasa si umeigonga imekaa sawa? Shida iko wapi?"

Nikamwambia shida ni bajaji yako. Bajaji inatetemesha. Mshale uliokwama ukitikiswa tikiswa unatembea, unaonekana mzima. Ndege za zamani nazo zilikuwa zinatetemeka kama mtu mwenye homa. Hizi za sasa zinakwenda laini, hakuna wa kuusukuma. Na kibaya zaidi unakwama wakati wa kushuka. Saa inamwambia rubani uko juu, na yeye yuko chini. Kama kuna mawingu, ataiamini.

Nurdin aliichukua, akaitazama mwenyewe. Muiteni mumuulize. Tulirudi Chang'ombe saa sita. Nilimkataza asiseme kwa mtu.

Mnamo tarehe 12/4/2025, Jumamosi, saa nane mchana, Bi Yustina alikuja mezani kwangu. Yeye ni mtu wa Newala, marehemu mumewe alikuwa anachonga vinyago. Sie tunataniana tangu walipohamia. Mie namuuliza lini atanichonga sanamu, yeye ananijibu mpingo wa kutosha mdomo wangu bado haujaota. Siku hiyo nilimtupia ule utani wetu. Hakuudaka. Alikaa kwenye stuli ya wateja bila kukaribishwa.

Akasema, "Mzee Marijani, Ferdi wamemchukua."

"Nani?"

"Polisi. Saa tano, kazini kwao."

Akanisimulia kama alivyosimuliwa. Jumapili ya tarehe 6 ndege yao ilikuwa inarudi kutoka Kilwa na abiria tisa. Mvua kubwa. Karibu na kufika, skrini zote zikazima. Rubani, mwanamke anaitwa Kapteni Sekela, akaifuata saa ya kimo ya akiba. Saa ikamwambia bado uko juu. Alipotoka kwenye wingu akaona minazi inayumba chini ya matairi. Akaivuta ndege juu, akaipiga ile saa ngumi, mshale ukaanguka. Akatua salama, ila alikaa ndani ya ndege nusu saa abiria wote wameshashuka. Saa ile ikatolewa kwenye ndege, ikarudishwa stoo kungoja wakaguzi.

"Ferdi ndiye aliyeifunga mwaka jana," Bi Yustina akasema. "Anasema alipewa stoo, na karatasi kwamba imepimwa. Mtu wa stoo anasema karatasi hiyo haijui. Anasema Ferdi ameibadilisha."

"Mtu wa stoo anaitwa nani?"

"Allen."

Wakati huo kifaa chenyewe kilikuwa mezani, chini ya kitambaa changu cha kufutia, katikati yangu na yeye. Angenyoosha mkono angekigusa. Nikamwambia, "Pole sana jirani." Sikusema zaidi ya hapo. Andika hivyohivyo.

Alipoondoka niliingia ndani, nikafunga mlango, nikaifungua.

Nilichokiona kwanza ni mafuta. Mafuta ya cherehani, nayajua kwa harufu, yameshika vumbi na kuwa kama ulimbo wa kutegea ndege wa porini. Vijigurudumu vyote vimeganda. Saa ya ukutani ukiitia tone la mafuta hayo inakushukuru. Saa ya kimo ukiitia, umeiua, ila haifi siku hiyo. Inakaa miezi, joto linakuja, vumbi linakuja, mafuta yanageuka gundi. Nikasema kwa sauti, peke yangu chumbani, fundi aliyefanya hivi nikimpata namkata vidole.

Halafu nikafuta bati la nyuma la mashine ili nione vizuri. Nikaweka lenzi jichoni.

Afande, fundi saa akimaliza kazi anakwaruza alama yake ndani, mahali mwenye saa haoni. Ni desturi yetu. Siku saa ikirudi unajua kama ni kazi yako au ya mwingine, usije ukalaumiwa kwa uchafu wa mtu. Wenye shule wanaandika jina na mwaka. Mie sijui kuandika. Mie nachora mwezi mchanga na nukta tatu. Dar nzima hakuna mwingine mwenye hiyo.

Mwezi ulikuwepo. Nukta tatu zilikuwepo. Niliigeuza juu chini. Hata ukiigeuza ni ya kwangu.

(Hapa nilimsimamisha shahidi na kumpa onyo kwamba halazimiki kusema neno lolote, na kwamba atakalosema laweza kutumika dhidi yake. Alijibu: "Nimesikia. Usinikate, nikikatwa nitaanza kupamba.")

Nilikaa kitandani mpaka nikakumbuka. Mwaka jana, siku chache baada ya Idi, mtu aliniletea saa nne za ukutani za ofisini na kitu cha tano, mashine tupu, haina uso, haina kasha. Akasema ni kipimo cha hewa cha ofisini, kimekuwa kizito. Nikamwambia niachie zote. Nilizipanga mezani, nikazipitia zote tano kwa sindano moja na chupa moja ya mafuta. Tone, tone, tone. Nilikuwa namsimulia mtu hadithi wakati huo, hata sikumbuki hadithi gani. Nikakwaruza alama, nikafunga. Goba sikukipandisha, hakikuwa na uso wa kusoma. Aliyezileta namkumbuka kwa saa yake. Kubwa, mishale mitatu, imekufa. Jumanne niliiona mkononi mwa Allen na haikunijia. Jumamosi ikanijia.

Na hapa nirekebishe, afande. Kule karakana sikuwa fundi. Nilikuwa nafagia. Nilifagia kile chumba miaka tisa, na kwa kuwa nilikuwa nafagia polepole niliona mengi. Yule Mkanada aliwahi kunikuta nachungulia, akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, Marijani, ndani ya hii hakuna mafuta ya cherehani, hata tone. Nililijua jambo hilo tangu ujana wangu. Ile mashine sikuitambua kwa sababu sikuitazama.

Siku hiyohiyo ya Jumamosi, saa kumi jioni, Allen alirudi. Nilikuwa nimeshatoka nje, kifaa nimekiacha ndani.

Akasema, "Mzee wangu, tayari?"

"Bado. Rangi haijakauka."

"Umefungua?"

"Kwa macho gani?"

Akavuta stuli, akakaa karibu mpaka nikamuona. Ni mtu mzima, ana mvi mbili tatu, si kijana kama nilivyodhani. Akasema, "Mzee Sekunde, mie nakuheshimu kama baba. Humo ndani hamna jina langu, hamna saini yangu. Ukifungua utakuta la kwako tu. Msasa unao. Piga mara mbili, funga, nipe, tusahau. Jumatatu mchana wakaguzi wanakuja stoo."

"Kumbe si ya boti."

"Mzee, usinichekeshe."

"Na mtoto wa Yustina?"

"Ferdi atatoka. Watamfukuza kazi, basi, atapata nyingine. Kijana yule. Wewe kwa umri wako ukiingia kule, utatoka?"

Nikamwambia, "Njoo Jumatatu asubuhi utaikuta imekauka." Alisimama, akapangusa suruali, akanishika bega kwa adabu kabisa. Kwa tabia njema simuwezi yule.

Alipokwenda, nilichukua msasa. Sitaficha. Niliukunja, nikauweka juu ya alama. Ni kazi ya sekunde mbili. Nikawaza kwamba mkono huu umezitengeneza saa za Chang'ombe miaka arobaini. Watu wakijua, nani ataniletea hata mizani ya nyanya? Nikawaza habari ya kulala sakafuni na kiuno hiki. Nikawaza kwamba hakuna aliyekufa. Hilo nililirudia mara nyingi, hakuna aliyekufa, hakuna aliyekufa.

Sikusugua. Lakini hapa kituoni pia sikuja. Na kutoka kwangu mpaka hapa ni mwendo wa robo saa. Andika yote mawili.

Mnamo tarehe 13/4/2025, Jumapili, saa sita mchana, Bi Yustina alipita akitoka kanisani, ameshika tawi lake la Jumapili ya Matawi. Alikuwa ameshapeleka chakula hapa asubuhi. Akasema, "Mzee Marijani, polisi wanasema hawana mtu wa kuwaeleza kile kifaa. Ferdi kaniambia pale kaunta, mama kamlete Mzee Sekunde. Yeye alikuwa fundi wa saa za ndege, atawaambia ukweli."

Nikamuuliza, "Kasema hivyo mwenyewe?"

"Kasema hivyo. Unamjua Ferdi. Hadithi zako zote anaziamini."

Ni kweli, anaziamini. Alipokuwa mdogo nilimwambia kwamba siku moja nilitengeneza saa ya kimo ndege ikiwa angani, nimekaa juu ya bawa, rubani ananipa bisibisi dirishani. Watoto wenzake walicheka. Yeye aliniuliza nilivaa nini nisione baridi. Nadhani ndiyo maana akaenda kusomea ndege. Sijawahi kumwambia kwamba nilikuwa nafagia.

Nikamwambia mama yake, "Kesho asubuhi twende." Akasema, "Asante, bingwa." Hakulisema kwa utani.

Leo asubuhi nimetoka nyumbani saa mbili na nusu kabla Allen hajafika, nikampitia Bi Yustina. Altimita hiyo hapo mezani kwako, kwenye nailoni ileile ya Allen. Sijaisafisha ndani, mafuta yamo. Sijaisugua, alama imo. Weka hiyo lenzi yangu jichoni, funga jicho lingine, utaiona. Ferdinand alifunga kitu alichopewa stoo na karatasi yake, na kazi yake haimruhusu kukifungua. Aliyeipeleka kwa fundi wa barazani badala ya karakana yenye kibali, kisha akatengeneza karatasi ya uongo, namshuku ni Allen. Hilo nashuku tu, mchunguze nyie. Aliyetia mafuta sishuku. Huyo namjua.

Nimesema niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyafanya kwa mkono wangu. Haya ndiyo maelezo yangu, na hadithi humo ni ile moja tu ya ubingwa pale mwanzo, ambayo nimeshairekebisha. Sina ziada.

(Dole gumba la kulia la Marijani Kondo Mwinyimvua)

MAELEZO YA MWANDISHI

Mimi WP Koplo Herieth nimeandika maelezo haya kuanzia saa 3:40 hadi saa 6:05 mchana, nikamsomea shahidi, akakubali ni sahihi, akaweka dole gumba kwa kuwa hajui kuandika. Altimita moja, imefunguliwa, ikiwa ndani ya mfuko mweusi wa nailoni, nimeipokea kama kielelezo. Alama aliyoieleza nimeiona kwa lenzi yake.

Mkuu wangu amejulishwa. Saa 7:30 mchana askari wawili walimkuta Allen barazani kwa shahidi, Chang'ombe, akisubiri. Fundi wa ndege Ferdinand ameachiwa kwa dhamana saa 11:00 jioni wakati upelelezi ukiendelea. Marijani Kondo Mwinyimvua amebaki kituoni kwa mahojiano zaidi, sasa akiwa mtuhumiwa.

Kabla ya kuingizwa mahabusu aliomba amweleze Bi Yustina mwenyewe. Nilimruhusu nikiwa mlangoni. Alimweleza akiwa amesimama, kwa maneno machache kuliko haya. Bi Yustina alihamia mwisho wa benchi na hotpoti yake. Mwanawe alipotoka, aliondoka naye mpaka getini. Kisha alirudi peke yake kaunta, akaniuliza kama mahabusu mwenye umri ule anaruhusiwa kuletewa uji asubuhi. Nimemjibu kuwa anaruhusiwa.

WP Koplo Herieth
14/04/2025, saa 11:20 jioni